Chombo Kilichokwisha Kuzama: Hukumu ya Kukinunua na ya Kukiuza

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikilie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada. Ndugu wasomaji, katika darasa letu la baada ya magharibi ndugu mmoja baharia wa hapa Mji wa Kale alileta suali, na suali lenyewe limetuonyesha kuwa jambo hili watu wengi hawalijui, au wanalijua na wanalinyamazia. Kwa hivyo tumeona ni vyema kulieleza hapa kwa urefu, apate faida aliyehudhuria na asiyehudhuria.

Alisema: "Sheikh, pana mashua inauzwa hapa Bandari ya Kale, na bei yake ni ndogo kuliko bei za wenziwe. Lakini nimesikia kwamba katika kusi iliyopita ilijaa maji ikalala chini siku kadhaa, ndipo ikaopolewa. Mwenyewe ameitengeneza na kuipaka rangi, na ananiambia, 'Nakuuzia kama uionavyo, nami nimejitoa katika kila ila.' Fedha nilizo nazo, nusu ni zangu, na nusu ni za watoto wa marehemu ndugu yangu, ambao aliniusia mimi niwasimamie mali yao. Je, ninunue?"

Usiku ule nilimjibu maneno machache: "Usinunue wala usikatae mpaka uione." Akasema, "Nimekwisha kuiona, Sheikh. Inaelea pale kila siku." Nikamwambia, "Hiyo uliyoiona ni nusu ya mashua." Na maneno haya ndiyo tunayotaka kuyafafanua.

ASILI YA JAMBO HILI

Amepokea Imamu Muslim kwa njia ya Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani ya rundo lile, vidole vyake vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye chakula habari ya jambo lile, naye akajibu kuwa kilipatwa na mvua. Mtume akamwuliza mbona hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione. Kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye.

Tazama, ndugu msomaji, mambo matatu katika kisa hiki. La kwanza, ila yenyewe ilikuwa ni maji. La pili, yule mtu hakuyatia maji yale kwa mkono wake. Mvua ilimpata kama inavyompata kila mtu, na hakulaumiwa kwa mvua, alilaumiwa kwa kuficha. La tatu, Mtume (s.a.w.) hakutosheka na kuliangalia rundo kwa juu, bali aliingiza mkono. Basi muuzaji amefundishwa kudhihirisha, na mnunuzi amefundishwa kuingiza mkono. Mwenye mashua iliyozama hana kosa kwa kuzama kwake, kwani bahari haina mwenyewe ila Mungu. Kosa huanza pale rangi inapopakwa ili kuifunika habari.

ILA NI NINI?

Mafakihi wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii wameeleza kwamba ila ambayo kwayo mnunuzi hupata khiyari ya kurudisha ni kila jambo lipunguzalo kitu chenyewe au thamani yake, kiasi cha kumkosesha mtu makusudio yaliyo sahihi, ikiwa desturi ya vitu vya jinsi hiyo ni kusalimika na jambo hilo.

Ukilipima suali letu kwa mizani hii, utaona kwamba si kila maji ni ila. Hakuna chombo cha mbao kisichoingia maji. Chombo kilichokaa juani muda mrefu mbao zake hukauka na kuachana, na kikishushwa baharini huvuja siku mbili tatu mpaka mbao zivimbe na kushikana tena. Hilo ni ada ya vyombo, na kila nahodha ana mtu wa kufua maji. Lakini chombo kilichojaa kikalala chini, habari yake ni nyingine. Tope huingia baina ya mataruma na mbao; misumari ya chuma huliwa na kutu, na mbao iliyouzunguka msumari hugeuka nyeusi ikalainika, hata msumari ukawa umesimama katika unga; na kikiwa kina mashine, maji ya chumvi huingia katika viungo vyake. Hizo ndizo ila, nazo hubaki hata baada ya maji kutoka na rangi kukauka.

Na hapa pana jambo ambalo watu wa nchi kavu hulichukua kinyume. Maji ya mvua huozesha mbao za chombo upesi kuliko maji ya bahari, kwa sababu chumvi huuzuia ule ukungu ulao mbao. Chombo kilichozama kikaopolewa, kisha kikaachwa ufuoni bila ya kifuniko mvua ya masika ikakijaa, huenda kikawa kimeharibiwa na mvua zaidi ya bahari. Basi usiulize tu, "Kilizama lini?" Uliza pia, "Baada ya kuopolewa kilikaa wapi, na kwa muda gani?"

SHARTI YA KUONA

Katika madhehebu yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba haisihi kuuza kitu ambacho wenye kuuziana, au mmoja wao, hajakiona. Na kuona kwa kila kitu ni kwa namna inayokielekea kitu hicho. Nafaka iliyo sawa, kuona upande wake wa nje kwatosha, kwa kuwa sehemu moja hujulisha nyingine. Ama chombo cha baharini, wanavyuoni waliosherehesha kitabu cha Minhaji cha Imamu Nawawi wamekitaja kwa jina lake, wakasema ni lazima kionekane chote, hata ile sehemu iliyo ndani ya maji.

Subhana-Llah! Watu wale waliandika haya karne nyingi zilizopita, na sisi tulio wana wa bahari, tuliozaliwa baina ya Ngomeni na ngazi za bandari, twanunua chombo kwa kutazama tanga na rangi ya ubavuni. Ubao wa juu haukujulishi hali ya ubao wa chini. Wa juu hupigwa na jua, wa chini huliwa na mdudu.

Na siku hizi limezuka jambo jingine: mtu wa Mombasa huletewa picha katika simu ya chombo kilichoko Lamu au Shimoni, akapeleka fedha kabla hajakanyaga sitaha yake. Picha huonyesha alichotaka mpigaji uone. Haiingizi mkono ndani ya rundo.

Njia ya kukiona chombo chote si ngumu kwetu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ametupa maji kujaa na maji kupwa. Katika bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa kimo kipatacho mita 3 na zaidi. Chombo hupelekwa ufuoni maji yakijaa, kikaegemezwa kwa magogo, na maji yakipwa kimekaa juu ya mchanga chote, mkuku na ubavu. Muuzaji akikataa kukipweleza bila ya udhuru, basi kukataa kwake ni jawabu.

LA KUTAZAMWA

Mwenye kununua na achukue fundi wa vyombo asiyekuwa na uhusiano na muuzaji, ampe ujira wake kamili, na wawili hao wayatazame haya:

Kwanza, mkuku na maungo yake mawili, yaani pale unapokutana na hanamu mbele na fashini nyuma. Hapo ndipo penye nguvu ya chombo, na hapo ndipo maji hukaa. Fundi na adunge kwa ncha ya kisu kila penye shaka. Mbao nzima huikataa ncha, mbao iliyooza huipokea.

Pili, agonge mbao moja moja kwa kinyundo. Mbao nzima hulia, mbao iliyoliwa hunyamaza. Yuko mdudu wa baharini, ambaye kwa asili ni katika jamii ya chaza, huingia akiwa mchanga kwa tundu kama la ncha ya sindano, kisha hukua humo ndani na kuipekecha mbao kwa kuifuata nyuzi zake. Nje utaona ubao laini uliopakwa vizuri, na ndani ni kama sega la nyuki. Wazee wetu walikuwa wakipaka deheni ya chokaa na mafuta, na wakikichoma chombo kwa makuti chini ya tumbo, kwa kumwogopa mdudu huyu. Lakini deheni na rangi hupakwa nje; chombo kilicholala chini ya bahari huwa wazi kwa mdudu hata kwa ndani, na kadiri siku zilivyozidi ndivyo khatari ilivyozidi.

Tatu, ing'olewe misumari miwili mitatu, mmoja wa mbele, mmoja wa kati na mmoja wa chini karibu na mkuku. Ukitoka umeliwa na kutu ukawa mwembamba kiunoni, wajue wenziwe wako hivyo hivyo.

Nne, ziinuliwe mbao za ndani, yatazamwe mataruma kwa chini, penye giza. Ukikuta saruji au lami mpya baina ya taruma na ubao, uliza imefunika nini.

Tano, baada ya kukitazama kwenye mchanga, kishushwe, kifuliwe maji mpaka kikauke, kisha kilale usiku mmoja kwenye nanga, na mnunuzi awe wa kwanza kuingia asubuhi. Wako wauzaji ambao hufua maji alfajiri kabla ya mteja kufika. Hawa wamefanana na wale aliowakataza Mtume (s.a.w.), wafungao chuchu za ngamia na mbuzi siku kadhaa ili mnunuzi adhani wana maziwa mengi. Yule hujaza ili kudanganya, na huyu hukausha ili kudanganya. Hila ni moja.

Na leseni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya ni jambo la lazima kwa sheria ya nchi, wala haifai kuvunja sheria hiyo. Lakini leseni haikuondolei wajibu wa kutazama. Leseni ya mwaka jana haikuzama pamoja na mashua.

"NIMEJITOA KATIKA KILA ILA"

Muuzaji wengi hudhani kwamba akitamka maneno haya basi amevuka salama mbele ya Mungu na mbele ya watu. Sivyo. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba sharti hii humwondolea muuzaji dhamana ya jambo moja tu: ila ya ndani, katika mnyama, ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Mnyama hula na kubadilika, na ugonjwa hujificha ndani yake. Ama nguo, nyumba, na chombo cha baharini, maneno hayo hayamtoi muuzaji katika ila iliyokuwamo. Na ile anayoijua akaificha, hata katika mnyama hayamtoi.

Na wajibu huu si wa muuzaji peke yake. Wanavyuoni wamesema kwamba kila aijuaye ila naye ni wajibu amweleze mnunuzi. Ndugu zangu wa barazani! Katika mji huu mdogo hakuna chombo kisichojulikana habari zake. Fundi aliyekiziba anajua, dalali anajua, wavuvi waliokiopoa wanajua, na mnunuzi hupita mbele yao amebeba fedha zake, wote wakanyamaza, kisha wakasema, "Sisi hatutaki kusengenya." Hii si katika kusengenya. Kumnasihi mtu anayetaka kuingia katika biashara ni katika yale yaliyoruhusiwa, bali ni haki ya Mwislamu juu ya nduguye. Kunyamaza ndiko kushiriki.

AKISHA KUNUNUA, KISHA AKAGUNDUA

Akigundua ila iliyokuwako kabla ya kukabidhiwa, ana haki ya kukirudisha na kupewa fedha zake. Lakini haki hii ni ya papo hapo kwa kadiri ya ada. Akijua usiku, na angoje asubuhi. Akiwa anakula au anasali, na amalize. Ama akijua, kisha akatweka tanga akaenda safari mbili za mizigo, halafu akaja kudai, haki ya kurudisha imemtoka, kwa kuwa kukitumia ni kukiridhia.

Na ikiwa chombo kimepata ila nyingine mkononi mwake, kama kuvunjika mlingoti, hawezi kumlazimisha muuzaji akipokee. Hapo, ikiwa muuzaji haridhii kukichukua hivyo, hulipwa mnunuzi tofauti ya ila ya kwanza. Hesabu yake ni hii: tuseme chombo kizima thamani yake ni shilingi 400,000, na chenye ila ile ni 300,000, ila imepunguza robo. Ikiwa alikinunua kwa 360,000, atarudishiwa robo ya bei hiyo, nayo ni 90,000.

Wala msidhani kuwa kesi kama hii itasikizwa na kadhi. Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, mahakama ya kadhi husikiza mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi. Mambo ya kuuziana huenda katika mahakama nyingine, na huko huulizwa karatasi na mashahidi. Basi andikianeni. Muuzaji aandike, "Chombo hiki kilizama wakati fulani, kikakaa siku kadhaa, nimebadilisha mbao kadhaa," na mnunuzi atie sahihi kuwa ameelezwa. Karatasi hiyo humlinda muuzaji mkweli kuliko maneno ya kujitoa.

MALI YA YATIMA

Mtu akitaka kujitosa kwa fedha zake mwenyewe, baada ya kuona na kuelezwa, hilo ni shauri lake. Lakini mali ya yatima Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya An'am na ya Israi tusiikaribie ila kwa njia iliyo bora. Urakhisi wa bei si ubora. Msimamizi hana ruhusa ya kuitia mali ya mtoto katika jambo ambalo yeye mwenyewe analitilia shaka, kisha apate hasara aseme, "Ni kudura." Kudura haina ubishi, lakini kisu cha fundi pia ni katika kudura.

Nami nayasema haya nikiwa na kovu langu. Babangu, Mungu amrehemu, nilipokuwa mtoto alinunua mashua ya kuchukulia boriti, aliiona majini tu, ikiwa imepakwa rangi mpya ya kijani. Katika safari ya tatu ilifunguka mbao ya chini. Roho zilisalimika, walhamdu li-Llah, lakini mzigo wa watu ulipotea, na tulikua tukila pamoja na deni hilo miaka mingi. Muuzaji alijua, na watu wawili wa mtaani kwetu walijua, wakaja kumpa pole.

Na mji huu haufai kusahau kwamba hasara ya bahari haiishii katika mali. Tarehe 29 Aprili 1994 ilizama feri ya Mtongwe, wakafa watu 272, karibu kabisa na nchi kavu. Sababu yake ilikuwa ni nyingine, lakini funzo ni moja: maji hayampi mtu muda wa kujuta. Auzaye chombo kibovu kwa kunyamaza hauzi mbao tu. Anauza na mabaharia watakaokipanda, ambao hawakuwako wakati wa kupatana bei.

MWISHO WA SUALI

Ndugu yetu alikwenda akamwomba mwenye mashua aipweleze. Mara ya kwanza alikataa, mara ya pili akakubali. Ikakaa mchangani siku ya bamvua, na fundi akadunga. Ubavuni mbao zilikuwa nzima, lakini penye ungo la mkuku na fashini kisu kiliingia mpaka mpini, na misumari mitatu ikatoka imebaki nusu. Wakahesabu mbao, misumari, kalafati na ujira wa fundi, wakajumlisha na bei. Ikawa imezidi bei ya mashua nzima isiyokuwa na aibu. Akaacha kununua. Fedha za mayatima zimebaki salama mahali pake, nazo zangojea biashara ya nchi kavu.

Ama mwenye mashua, alikaa juu ya mchanga akitazama tundu la kisu, akasema, "Wallahi sikujua kuwa ni kiasi hiki. Nilijua ilizama, nilichelea nikisema hataitaka mtu." Maneno yake yalinikumbusha yule wa sokoni aliyepatwa na mvua. Nimesikia sasa kila ajaye kuulizia humwonyesha kwanza pale mahali pabovu, kisha ndipo hutaja bei, na bei ameishusha. Itapata mnunuzi wake, na huenda akawa fundi mwenye mbao zake, atakayeijua kazi anayoinunua. Faida yake itakuwa ndogo, na itakuwa na baraka, kwani Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba wenye kuuziana wakisema kweli na wakabainishiana hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uwongo baraka hufutika.

Basi, ewe muuzaji, kilicholowa kiweke juu. Ewe mnunuzi, ingiza mkono. Na ewe ukaaye barazani ukijua, sema kabla fedha hazijapita.

Wallahu aalam.